Yaya, Usitume Watu wa Kunibeba

Mpendwa yaya, dada yangu mkubwa,

Salamu zako zimenifikia. Dereva wa lori la maharage amezileta jana mchana, akazitangaza zote mbele ya wateja wangu kama mtu anayesoma matangazo kanisani: kwamba nyote mko wazima huko Mahagi, kwamba mtoto wako wa mwisho atabatizwa na umenichagua mimi niwe mama yake wa ubatizo, na kwamba shemeji atashuka Bunia na vijana wa ukoo wake kuja kunibeba. Kwa habari ya kwanza nimemshukuru Mungu. Kwa ya pili nimepiga vigelegele mpaka nikajichoma kidole na sindano. Kwa ya tatu, yaya, nasema hapana.

Nitakuja, lakini nitakuja mwenyewe. Ninachoomba ni unikubalie kutoka moyoni, maana nakufahamu: ukikubali kwa mdomo tu, shemeji nitamkuta mlangoni kwangu asubuhi akijifanya alikuwa anapita. Barua hii nimeiacha wazi, bila bahasha. Dereva ataisoma njiani hata nikiifunga kwa waya, na wewe utaisoma kwa sauti mbele ya wakwe zako. Basi wote wasikie.

Unakumbuka tulivyokuwa? Tulikuwa kama mtu mmoja. Polio ilinishika kabla sijajifunza kusimama vizuri, mama alikuwa na shamba lake Bogoro na alishinda huko siku nyingi za wiki, basi miguu yangu ikawa ni yako. Uliendelea kunifunga mgongoni kwa kitenge hata nilipokuwa na meno yote mdomoni. Dunia niliiona juu ya bega lako la kushoto. Sikio lako la upande huo nalijua kuliko shemeji anavyolijua. Uligombana na yule msichana mrefu pale kwenye bomba la maji, nami niligombana: wewe ulitukana, mimi nilivuta nywele. Mama alituchapa sote, akasema aliyeanza ni wewe lakini aliyekutwa na nywele mkononi ni mimi.

Tukipanda mlima ulinung'unika. "Weye iko nzito sana leo," ulisema, "ulikula nini?" Na tulikuwa tumekula sahani moja.

Kisha ikaja kinga yangu, baiskeli yangu ya magurudumu matatu. Wewe ndiwe uliyesikia kwamba katika karakana ya masista kuna fundi anayeunganisha vipande vya baiskeli kuukuu na kuwatengenezea watu wasiotembea. Ulinibeba mpaka pale, ukasimama kwenye foleni nami mgongoni, ukataka kujua kila lehemu inakaa wapi. Mnyororo ulikuwa mbele ya kifua changu, na pedali mbili za kuzungusha kwa mikono. Kiti kilikuwa cha mbao, nyuma yake sanduku la mizigo, na nyuma kabisa fundi aliweka chuma cha kusukumia. Nilizungusha, na ardhi ikasogea. Yaya, sijui kama mtu aliyezaliwa na miguu yake anaweza kuelewa jambo hilo. Nilitaka mti ule usogee karibu, nao ukasogea. Nilicheka mpaka nikasahau breki, nikaingia kwenye meza ya mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo yakanifunika kichwa kizima. Mama yule hakunitukana. Aliniomba nirudie, mume wake hakuwa ameona.

Nilipogeuka nikakuona unalia. Nilidhani ni furaha. Siku nyingi baadaye ndipo uliponiambia kwamba ulikuwa unasikia baridi mgongoni.

Tangu siku hiyo ukashika chuma cha nyuma hukukiachia. Ukisukuma, mnyororo unazunguka wenyewe, na pedali zinanipiga vifundo vya mikono. Nikizungusha, wewe unalazimika kukimbia. Hivyo ndivyo tulivyokwenda sokoni kutoka mtaani kwetu Lumumba, tukigombana njia nzima kama watu waliooana. Na hukuwa peke yako. Watu wa Bunia wana huruma, na huruma yao haiulizi mtu anakwenda wapi. Mtu anatokea nyuma, hata salamu hatoi, anasukuma. Nimesukumwa na wanafunzi, na mlevi, na katekista wetu mwenyewe. Nimepitishwa mbele ya nyumba yangu nikipunga mkono, nao waliokaa barazani wakanipungia wakidhani nawaaga. Waliosema tenda wema wende zako hawakufikiri juu ya huyo aliyetendewa, ameachwa wapi.

Ile siku ya uzi ndiyo hunisahaulisha njaa nikiikumbuka. Nilikuwa nakwenda dukani kununua uzi mweupe wa mashati ya shule. Akatokea baba mmoja mwenye suti, akanisukuma kwa nguvu za Mungu, na kabla sijapata la kusema nikajikuta ndani ya kanisa la maombi, mbele kabisa, chini ya miguu ya mhubiri. Mimi Mkatoliki mwenye rozari shingoni! Ngoma zikapigwa. Mikono isiyo na idadi ikaniangukia kichwani. Mhubiri akafumba macho, akaniambia nisimame. Akaniambia tena. Watu walikuwa wanatoa jasho kwa ajili yangu, na moyoni nikawahurumia sana.

"Pasta," nikamwambia polepole, "miye nilikuwa nakwenda kununua uzi."

Mzee wa watu akafumbua macho. Akanibariki mimi pamoja na uzi. Lakini sikuweza kutoka kabla ya sadaka, maana njia yote ilikuwa imejaa watu wanaocheza.

Nilipokusimulia uliketi chini kwenye vumbi, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Na mimi nilicheka, halafu katikati ya kicheko likanitoka neno lililokuwa limenikaa kooni miaka yote.

"Yaya, miye nataka kufika kule nilipanga kufika."

Ukaacha kucheka. "Na kama unaanguka?"

"Basi nitaanguka kule nilipanga."

Kesho yake nilipotoka hukushika chuma. Nikakitundikia mfuko wangu wa nyuzi na mkasi mkubwa ukining'inia nje, na wenye huruma wakapungua wenyewe. Ulichofanya wewe ni kunifuata kwa mbali. Ulidhani sikuoni. Ulijificha nyuma ya mama aliyebeba kikapu cha samaki, na mwili wako huo, yaya! Kikapu kizima hakikufunika hata bega lako. Nilijifanya sijakuona, kwa sababu nilikupenda, na kwa sababu ilinifurahisha kukuona unahangaika.

Ndipo vita vikaingia mjini. Sitaki kuviandika sana. Wewe unajua tuliowapoteza katika mtaa wetu, na mimi nawataja kila jioni ninaposali. Lakini asubuhi ile ya kukimbia lazima niikumbushe, kwa sababu ndiyo jibu langu kwa shemeji. Risasi zilikuwa zinalia upande wa juu. Ulikuwa umekwisha kuolewa, na shemeji alikuwa amepata nafasi katika lori la kuelekea ziwani, ili mvuke mpaka kwa wakwe zako. Lori lilikuwa limejaa watu hadi juu ya paa. Dereva akasema mtu anaweza kubanwa, chuma hapana. Nami nikasema bila kinga yangu sipandi, maana huko tuendako nitakuwa mzigo wa kuwekwa pembeni, na mzigo ndio huachwa wa kwanza.

Hukubishana nami. Ulifanya jambo ulilolifanya maisha yetu yote. Ulichuchumaa mbele yangu, ukanigeuzia mgongo, ukasema nipande. Na mgongoni, ndani ya kitenge, alikuwa amelala mtoto wako.

"Yaya," nikasema, "mugongo iko na mutu."

Uliweka mkono nyuma, ukamgusa, ukakumbuka. Tukatazamana. Mungu anisamehe, tulicheka, huku shemeji anatuita kwa sauti ya kukata tamaa na wewe machozi yanakudondoka kwenye kidevu. Kisha ukasimama, ukaweka cherehani yangu ya mkono ndani ya sanduku, ukaifunga kwa kamba mwenyewe. Nilikuwa naomba unishike na naomba usinishike, yote mawili.

"Weye tangulia," ukaniambia. "Miye nikuone unaenda."

Nikazungusha. Nilikwenda pamoja na majirani mpaka kwenye kambi ya askari wa kofia za bluu, karibu na uwanja wa ndege. Sikugeuka, lakini nilijua umesimama. Siku ile sikukuona nyuma ya kikapu cha mtu yeyote, na ndiyo siku ya kwanza niliyokwenda bila wewe kweli.

Hofu ilikuwepo, na matope, na watoto waliolia usiku kucha chini ya maturubai. Lakini nikuambie tulivyoishi. Bomba la maji lilikuwa mbali na hema zetu, na kina mama walikuwa wanabeba bidoni, madumu ya maji, kichwani mpaka shingo zinauma. Nikaanza kubeba bidoni zao katika sanduku. Asubuhi foleni ilikuwa mlangoni kwangu, mimi niliyezoea kuwa wa kusubiri watu. Jirani yetu yule bibi mnene mwenye goti bovu nilimpandisha nyuma nikampeleka kwa muuguzi, naye njiani akawa anabariki watu kulia na kushoto kama askofu. Mchana nilishona. Nilishona suruali kutokana na mapazia, na mifuko kutokana na magunia. Watu walipokuwa wanacheka mbele ya hema langu nilitamani ungesikia, maana sikujua kama mlivuka ziwa au la. Hilo peke yake ndilo lililoniliza. Muuza samaki aliponiletea habari kwamba mko hai na kwamba wewe umenenepa, nilimshonea blauzi bure.

Sasa nimerudi Lumumba. Ungeiona nyumba, yaya. Kizingiti kimeondoka, pamekuwa na mteremko wa matofali na udongo ulioshindiliwa, naingia bila kushuka. Meza ya jikoni seremala ameikata miguu, nawe ukija utapika umepiga magoti. Chooni ameniwekea kiti cha mbao alichokitoboa katikati, na mikono ya kushikilia pande zote mbili. Wageni wanaomba ruhusa ya kukitumia na hawatoki upesi. Kamba ya nguo nimeifunga chini ninapoifikia, na mbuzi wa jirani naye anaifikia, amekwisha kula kola mbili za mashati ya wenyewe. Naamka saa ninayotaka. Nakwenda misa ya kwanza au ya pili, kadiri nilivyolala. Jumapili iliyopita nilianguka pale kwenye makorongo karibu na soko, nikakaa chini nikacheka, nikaomba msaada, nikanyanyuliwa, nikawaambia watu asante na kwaheri. Ni jambo dogo. Mimi nalionea fahari.

Kwa hiyo msinibebe. Njia ya Mahagi imefunguka, na mambo yote nimekwisha kuyapanga na huyuhuyu dereva anayeisoma barua hii sasa. Kinga itafungwa juu ya magunia. Mimi nitakaa mbele. Kupanda nimejaribu mchana kweupe mbele ya wapakiaji wake: nakalia kidato cha chini, nainua mwili kwa mikono, nakalia kinachofuata, kinyumenyume, mpaka kitini. Mwanzoni walicheka. Nilipofika juu, mmoja akaniuliza kama mikono hii naiuza. Nikihitaji mtu wa kunishika nitamwita, na nitamwonyesha pa kushika. Yaya, mgongo wako ulinifikisha mahali pote nilipofika utotoni. Sijawahi kukuambia asante kwa sababu mtu haambii miguu yake asante. Leo nakuambia. Asante. Nimekukumbuka mpaka nimechoka.

Mwambie shemeji abaki nyumbani achinje mbuzi, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Nawe, ukisikia lori linapanda, usikimbilie barabarani. Najua miguu itakuwasha. Kaa ndani, funga mlango, mshike mtoto wangu wa ubatizo. Dereva atanishusha barabarani, na kutoka pale mpaka kwako nitazungusha mwenyewe, nikiwauliza watu nyumba yako ni ipi. Katika maisha yetu yote sijawahi kukupigia hodi, kwa kuwa kila mlango tuliuingia pamoja, mimi nikiwa mgongoni mwako. Niache nipige hodi. Nataka kusikia, kutoka upande wa nje, sauti yako ikiniambia karibu.

Mimi, mdogo wako