Glasi ya Asubuhi

Nyumba ya Bati Jekundu,
Nyuma ya Kinyozi.
Jumapili, mvua imetoka kuacha.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za mtu aliyekubeba mgongoni ukamlowesha, na mpaka leo hujaomba radhi. Goti lako linaendeleaje? Langu limeacha kutabiri mvua, sasa linalalamika tu. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakoroma chumba cha pili, taratibu, kama mtu anayeburuta kiti ndotoni. Mimi niko dirishani natazama matone kwenye kamba ya nguo, yamening'inia, hayataki kudondoka. Kiti hiki kinanisinzisha. Ukikuta mstari umepinda, ujue nililala katikati yake.

Barua yako imefika. Umeniagiza nimshawishi binti yako arudi kazini akaombe radhi. Wewe ndiye uliyesoma, mimi niliacha shule mwalimu akiwa bado anatafuta chaki. Lakini hii habari umeisikia nusu, basi ngoja nikupe nusu ya pili.

Idara ya maji wana desturi yao ya zamani. Asubuhi, kabla bomba la mji halijafunguliwa, mkuu wa maabara hujaza glasi kutoka kwenye tangi akainywa mbele ya mafundi. Hakuna hotuba. Anakunywa, anafuta mdomo, fundi anafungua, mji unaoga. Binti yako ameinywa glasi hiyo tangu alipopewa ufunguo wa maabara. Mimi huwa nakwenda kumtazama, nimejibanza ukutani na shati langu la kulalia. Mwanga unapita ndani ya maji, watu wazima wote kimya, halafu mabomba chini ya barabara yanaanza kunguruma polepole, kama mji mzima unajigeuza kitandani. Sijaona kitu kizuri kama hicho, na harusi yako nilikuwepo.

Sasa wamejenga tangi jipya kilimani. Binti yako alipima maji yake, vipimo vikatoka vibaya. Akarudia, vibaya vilevile. Kuna bomba la maji machafu linavuja jirani. Mkurugenzi, tunayemwita Bwana Suti kwa sababu nadhani hata kuoga anaoga nayo, akamwamuru atangaze kwamba maji ni salama, wageni wakubwa wanakuja kufungua. Akakataa. Tena usidhani huyu mtoto ni wa kukimbia akikemewa. Walipotaka kupunguza dawa ya maji mwaka ule, alibaki, akabishana mlango kwa mlango mpaka wakachoka. Safari hii alikataa, na kesho yake akakuta tangazo limebandikwa getini: maji ni salama. Chini, jina lake.

Nilikuwepo, mdogo wangu. Alijaza glasi kwenye tangi jipya, mafundi wamesimama, akampelekea Bwana Suti kwa mikono miwili.

"Karibu, Mkurugenzi. Leo zamu yako."

"Mimi nimeshakunywa chai," akasema yule mtu.

Fundi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Binti yako akamwaga maji chini, akatundika ufunguo ukutani, akaondoka. Sikusikia mlango ukibamizwa. Nilisikia viatu vyake tu kwenye kokoto, vikishuka kilima.

Kinyozi anasema amekosea. "Angebaki humohumo ndani, mzee. Sasa ufunguo si atapewa Ndiyo-Mzee?" Huyo Ndiyo-Mzee alikuwa msaidizi wake, na jina lake linajieleza. Nilikubali maneno ya kinyozi kwa sababu wembe wake ulikuwa shingoni mwangu. Nilipofika nyumbani nikaanza kukataa.

Hata hivyo nilikutii. Nilimfuata uani, anachemsha maji ya kunywa, nikamwambia, "Baba yako anataka urudi."

"Baba mkubwa," akasema, "kukataa nimekataa, na jina langu wakaliweka. Nikibaki pale, nikinyamaza au nikipiga kelele, watu watakunywa kwa sababu mimi nipo. Nitakuwa nimewanywesha."

Nikaomba chai.

Mchana huo nikaota mabomba yote ya mji yamefunguka, maji yamepanda mpaka madirishani, ya samawati, hayana haraka. Bwana Suti anaelea juu ya kiti chake cha ofisini, ananiuliza kama nina kitambaa cha kufutia suti. Nikamwambia ayanywe mpaka apate njia ya kutokea. Nikaamka nina kiu, na nikaiogopa kata yangu mwenyewe ya kunywea maji.

Sitakuficha hali ilivyo. Nyumba ya serikali ameiacha, analala stoo yetu, miguu inagusa magunia. Kila alfajiri anasimama kwenye sinki na glasi tupu mkononi, anaitazama, anairudisha kabatini. Hajui kama amefanya sawa. Ndiyo-Mzee naye, tangu apewe ufunguo, hajanywa hata tone. Mafundi wanasema mpaka mtu anywe ndipo wafungue tangi jipya. Bwana Suti anatafuta mafundi wengine, na huenda akawapata.

Kwa hiyo sikumshawishi, wala sitamshawishi. Ukitaka arudi, njoo mwenyewe. Nitakupandisha kilimani na goti langu hili, nitakujazia glasi, nitakushikia kofia. Ukiimaliza, nitamwambia binti yako, "Baba yako amesema kweli, rudi." Usipoiweza, shuka ukamsalimie stoo, na uje na godoro.

Nisalimie shemeji, umwambie bado nakumbuka vicheko vyake. Nisalimie wale mapacha wakorofi, na shangazi yule asiyesikia, umsalimie kwa sauti. Mungu akujalie usingizi mwororo na maji unayoweza kuyanywa umefumba macho.

Ndimi kaka yako, nikupendaye hata ukininunia.

Godoro liwe refu. Amekuchukua wewe miguu.