Dole Gumba Juu ya Pazia la Kijani

Jumapili, 15 Januari

Moyle amekufa.

Nimeliandika ili niamini. Rathmoyle, yule farasi wa kijivu wa mkufunzi wetu wa hapa, miaka kumi na miwili, mshindi wa mbio za kuruka viunzi za Kilbrack mara tatu. Leo ameanguka kwenye kiunzi changu. Changu! Miaka kumi na minne nasimama pale na bendera, kwa kujitolea, kwa mapenzi ya mbio tu, na sijawahi kuona farasi akianguka vile.

Tuliinua pazia la kijani kumzunguka, lile la kumficha farasi aliyeumia. Tulikuwa wanane, maana wa viunzi vya jirani nao walikuja mbio kusaidia. Watu kwenye uzio wakanyamaza kabisa. Wanaume wakavua kofia, wengine wakageuza migongo. Ndivyo tulivyolelewa huku: pazia likiinuka, unatazama viatu vyako. Na sisi tulio ndani tuna sheria yetu. Ukishika pazia huna macho, huna mdomo. Anayesema ni daktari wa mifugo, basi.

Nilishika nguzo kwa mkono wa kulia. Moyle akainua kichwa! Niliona kwa macho yangu. Nikasema moyoni, asante Mungu, ameishiwa pumzi tu, atasimama. Na kule kwenye uzio mtu akaita, "Jamani, yu hai?" Sauti ya mtu anayetaka kulia.

Nikainua mkono wa kushoto juu ya pazia. Dole gumba. Hilo tu.

Makofi! Yakaanzia kwenye uzio yakapanda hadi jukwaani. Wakati huohuo Moyle akajaribu kusimama, na mguu wa mbele ukaning'inia. Daktari akaupapasa, akatikisa kichwa. Watu bado wanapiga makofi. Ningeweza kuinua mkono tena, kuupunga, kusema hapana jamani, nimekosea. Sikuinua. Nilishika nguzo kwa mikono miwili.

Na Dervla. Ee Mungu, Dervla. Yeye ndiye aliyemtunza Moyle miaka saba, kumlisha, kumpiga brashi, kulala naye zizini akiumwa. Alikuwa anakuja mbio uwanjani, hatamu mkononi. Aliona dole gumba. Akageuka kurudi zizini kuchukua blanketi na ndoo ya maji. Aliporudi, Moyle alikuwa ameshachomwa sindano ya mwisho, na gari la kumbeba lilikuwa linafungwa mlango.

Dakika ishirini baadaye mbio nyingine zikaanza. Nikamshangilia mshindi. Kwa sauti kubwa.


Jumatatu, 16 Januari

Malachy hajaachia simu tangu asubuhi. Kaka yangu huyu, tangu afiwe na mkewe tunaishi wote, na chai bila habari za farasi haimshuki.

Kuna video. Mtu aliyekuwa kwenye uzio aliipiga. Inaonyesha pazia, kisha mkono, glavu nyekundu, dole juu. Ina ukungu. Wale wasiopenda mbio wameisambaza: tazameni wauaji wanavyoshangilia! Wa kwetu nao wanajibu matusi. Eti nyie Jumapili mlikula nini, majani? Eti nani anawalisha farasi hawa mwaka mzima, nyinyi? Hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Lakini Malachy hasira yake si kwa hao. "Huyu wa dole gumba ni wetu," anasema. "Kamdanganya binti wa watu mchana kweupe. Nikimjua, Cepta, nitamwambia mbele ya mkewe na watoto wake."

Nilimimina chai hadi ikajaa kwenye kisahani.

Glavu nyekundu tulipewa wote na kamati, Krismasi. Watu wote wa viunzi. Nashukuru. Aibu gani hii, kushukuru kwa jambo kama hilo!


Jumanne, 17 Januari

Nimepita langoni Kilbrack. Maua hadi kwenye barabara. Karoti, peremende, picha za Moyle kwenye plastiki kwa ajili ya mvua. Mwanamke mmoja kaendesha gari saa mbili kuleta kadi. Analia waziwazi, hamjui mtu hapa.

Wazee wetu wa kawaida walikuwa pale, mikono mifukoni. Mmoja akasema kile tunachosema siku zote: angalau amekufa akifanya alichokipenda.

Dervla alikuwa nyuma yao. Hatukumwona.

"Mmejuaje alichokipenda?" akauliza. "Alipenda peremende. Na kujikuna makalio kwenye mlango wa zizi. Hayo ndiyo aliyoyapenda."

Mmoja akakohoa. Ni kweli tunasema hivyo kila mara, hata mimi nimesema, nimeyaandika kwenye kadi si chini ya mara tano.

Akanikumbatia. Mimi ndiye mama yake wa ubatizo, nilimshika akiwa na wiki tatu, na tangu mama yake ahamie Australia ni mimi anayenijia. Ananukia nyasi kavu na farasi. Akaninong'oneza, "Mama Cepta, nilimwahidi. Kila mara kabla ya mbio namwambia, likitokea lolote nitakuwa kichwani pako. Mara zote hizo. Na siku yenyewe nilikuwa nachota maji." Kisha akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Wewe unawajua wote wa viunzi. Nitafutie ni nani. Sitaki ugomvi. Nataka aniambie mwenyewe tu."

Nikasema nitauliza.

Nitauliza! Mwongo mkubwa mimi.


Jumatano, 18 Januari

Mvua. Sikutoka. Glavu ziko kwenye droo ya jikoni, chini ya taulo za vyombo. Ya kushoto iliungua dole kwenye jiko siku ile baada ya Krismasi, nikaiziba kwa uzi mweusi kwa kuwa mwekundu uliniishia. Video haionyeshi. Nimeitazama mara thelathini.


Ijumaa, 20 Januari

Wamemtwika Jarlath lawama.

Si kwa ushahidi. Ni kwa sababu ya mdomo wake. Jarlath Coady wa kiunzi cha pili huongea hadi kanisani, alinusurika kutupwa nje ya mazishi ya shangazi yake mwenyewe kwa mzaha. Basi watu wamesema: nani mwingine?

Nilikuwa nimepanga foleni buchani. Jarlath mbele yangu, anataka soseji. Muuza nyama akampimia, akainua dole gumba, akasema kwa sauti, "Haya Jarlath, waonaje? Nazo zi hai?"

Duka zima likacheka. Jarlath hakucheka. Masikio yalimwiva. Aliacha soseji mezani akatoka, kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

Mimi nikaagiza nusu kilo ya kusaga. Nikasema leo baridi sana. Nikalipa nikaondoka. Nimemwona akiwa ndani ya gari lake, amekaa tu, injini haijawashwa, na nikapita upande wa pili wa barabara.

Sikuweza kula. Malachy amekula sahani mbili.


Jumapili, 22 Januari

Baada ya misa, Cathal, mkuu wetu wa viunzi, alituita wote ukumbini. Chai, biskuti, hakuna aliyegusa biskuti. Cathal ni mtu wa maneno machache. Akasema kwamba hataki kumfukuza mtu. Akasema yeye mwenyewe miaka ya nyuma alishawahi kutaka kumwambia mtu neno la faraja kutoka ndani ya pazia, akajing'ata ulimi. "Aliyeinua mkono aseme sasa, yaishe humu ndani."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

Jarlath akasimama kwanza. Ikawa ukumbi mzima umepumua, wakidhani anakiri. "Sikuwa mimi," akasema. "Nilikuwa upande wa kichwa, nimeupa uzio mgongo. Lakini mkishaamua mmeamua." Akavua glavu zake akaziweka mezani karibu na birika. Miaka ishirini na miwili ya kiunzi cha pili! Akatoka.

Nje Dervla alikuwa amesimama ukutani. Jarlath alivua kofia kumsalimia. Dervla akatazama kando.

Hilo ni langu. Nimelifanya mimi.


Jumanne, 24 Januari

Malachy anajua.

Asubuhi imetoka picha nyingine, si video, picha ya mpiga picha wa kweli. Safi kabisa. Malachy akaivuta kwa vidole viwili, ikakua. "Njoo uone. Glavu nyekundu, dole jeusi! Jarlath zake nyekundu tupu, aliziacha mezani ukumbini, kila mtu kaziona. Maskini yule mzee, tumemwonea." Akafurahi kama amefumbua fumbo. "Sasa tumtafute mwenye dole jeusi, lazima kuna mtu..."

Nilikuwa naosha vikombe. Sikugeuka. Akaja kunisaidia kufuta, kama kila siku, na kama kila siku akafungua droo ya taulo. Wiki nzima alikuwa anachukua taulo ya juu. Leo ya juu ilikuwa imelowa, akachukua ya chini.

Droo ikafungwa taratibu. Akafuta kikombe kimoja muda mrefu mno.

Nilidhani atapiga kelele. Alisema tu, "Ulidhani atasimama?"

Nikasema ndiyo. Nikasema aliinua kichwa, Malachy, naapa.

"Na ulipojua hatasimama?"

Nililia, povu hadi kwenye viwiko. Akaweka kikombe kabatini. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeshafika mwisho wa yangu. Akasema mwambie yule mtoto kabla hajaiona picha, ulimshika mwenyewe kwenye maji ya ubatizo. Kisha akaenda kwa Jarlath, kwa miguu, na hakusema anakwenda kumwambia nini.


Alhamisi, 26 Januari

Nimempigia Dervla mara tatu. Ya tatu akapokea, nasikia koleo likikwaruza sakafu. Kwa mara ya kwanza sauti yake ina uhai! Kapewa farasi mwingine, jike la miaka mitano, jeusi, lenye woga wa ndoo. Linakimbia Jumapili, mbio za nne, mara yake ya kwanza.

Nikasema, Dervla, nina neno.

"Nitakuona Jumapili uniambie, hapa nina mavi hadi magotini! Simu yangu imejaa picha za watu, siifungui, nimechoka. Mama Cepta, utakuwa kwenye kiunzi chako?"

Nikasema sijui kama watanitaka.

"Nani hakutaki wewe? Uwe pale. Nikijua uko pale, nitapumua."

Akakata. Nimekaa na simu mapajani. Malachy akauliza kwa nyusi tu. Nikatikisa kichwa, na yeye akaenda kulisha kondoo. Jarlath, anasema Malachy, alisikiliza yote, akauliza jambo moja tu: kama nitamwambia Dervla mimi mwenyewe. Hajamwambia mtu yeyote. Mdomo wote ule, na hajasema!


Jumapili, 29 Januari

Kilbrack, ndani ya gari. Saa sita na nusu mchana. Namsubiri Dervla.

Maegesho yamejaa. Sijaona watu wengi hivi tangu kabla ya baba kufa. Wamemjia Moyle. Kabla ya mbio za kwanza watapiga makofi dakika nzima kwa ajili yake, imetangazwa. Makofi. Nitaweza kweli kuyasikia?

Cathal nimemwona langoni. Nimemwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja, watu wakipita na programu zao. Alitazama viatu vyake. Akasema, "Yeye kwanza. Mimi baadaye." Kwenye kiunzi changu leo amemsimamisha Jarlath. Ndivyo inavyostahili.

Na wimbo ni uleule! Wazee kwenye ngazi: angalau hakuteseka, angalau alikuwa anaongoza. Mmoja kaniambia, "Cepta, huu ndio mchezo wetu," akanipigapiga bega. Nikaitikia. Maana naupenda bado, hilo ndilo linalonitisha. Nimesikia kwato za farasi wakipasha moto na mwili ukanisisimka kama siku zote.

Nimevaa glavu. Ya kushoto tu, kulia naandikia. Nilitaka kuzichoma jana. Nikaona hapana, nikimwambia kwa maneno nitayapamba, najijua. Nitasema niliona kichwa kikiinuka, nitasema sauti ya yule mtu ilinihuzunisha, na mwishowe yeye ndiye atakayenibembeleza mimi. Basi aone glavu kwanza; habari za dole jeusi zimeshafika hadi zizini.

Ndiye yule! Anakuja katikati ya magari, vikombe viwili vya chai mkononi, anatembea polepole visimwagike. Nywele kazifunga vizuri. Kaniletea chai.

Ameniona. Anacheka. Anainua vikombe vyote viwili kunionyesha.

Mkono wangu wa kushoto uko juu ya usukani. Siutoi.

Kipaza sauti kimetaja jina la Moyle. Watu wote maegeshoni wamesimama palepale walipo, kofia mkononi. Makofi yameanza, yanatoka jukwaani yanakuja huku hadi kioo kinatetemeka.

Dervla hapigi makofi. Ana chai mikononi. Amesimama mbele ya gari, hatua tatu, na hanitazami usoni, anatazama dole.