Eksi Kumi na Moja Ubaoni

Jumatatu, 4 Machi 1974
Asubuhi viraka vitano, breki mbili, na spoku za mwalimu mmoja asiyejua kupanda baiskeli. Spoku zilikuwa nzima. Sikumwambia, nikagongagonga tu aone kazi. Saa saba nikanawa grisi, nikaenda holi. Karatasi yangu bado iko ubaoni: vile mimi na baiskeli yangu tulimwacha nyuma dereva wa lori mpaka Mraru. Ukurasa mzima. Hakuna kijana hapa Voi anaweza kuandika vile, na mimi niliachia darasa la sita.

Ubao ni wa kila mtu. Unabandika karatasi moja kwa wiki. Wasomaji wanachukua penseli iliyofungwa kwa kamba, wanaweka alama chini. Tiki wakipenda, eksi wakichukia. Mimi nina tiki mbili, eksi tisa. Tiki moja ni yangu mwenyewe.

Pembeni kuna ya Crispus, yule wa sekondari anayeshuka kutoka Sagalla na shati lililopigwa pasi. Ameandika juu ya nyanya yake na debe la maji. Tiki ishirini na moja. Nyanya! Debe! Nani hana nyanya?

Chai imenishinda.

Jumatano, 6 Machi
Habari kubwa. Dada Mghoi, karani wa holi anayetunza ubao, anahamishwa Wundanyi mwisho wa mwezi. Ufunguo wa sanduku la pini atapewa yule wasomaji wanampenda zaidi. Bila pini hakuna karatasi inapanda. Mwenye ufunguo ndiye anaamua nani akae katikati na nani akae chini, karibu na matangazo ya mbuzi waliopotea.

Ufunguo huo ni wangu. Nishauona shingoni mwangu. Crispus ana shule, ana viatu, ana tiki. Na ufunguo pia? Hapana.

Jumamosi, 9 Machi
Nimebandika mpya. Herufi kubwa tupu, mwanzo mpaka mwisho, isomeke kutoka stesheni. Kona yangu ikafunika kidogo jina la Crispus. Kidogo tu. Haya, lote.

Dada Mghoi akaitoa mbele ya watu.

"Mwadime mdogo wangu, unampigia nani kelele? Hapa hakuna kiziwi. Na karatasi ya mwenzako haikaliwi."

Watu wakacheka. Nikamwambia hata yeye huko Wundanyi watamwekea eksi. Akacheka pia. Hiyo iliuma zaidi.

Jumanne, 12 Machi
Nimefanya.

Crispus aliweka mpya jana, na ishafika tiki kumi na nne. Kumi na nne kwa siku moja! Niliacha baiskeli ya mteja miguu juu, nikakimbia. Saa saba holi iko tupu, watu wanakula. Nikamwekea eksi kumi na moja. Moja imelala. Moja nyembamba kama ya mtoto. Moja nimeweka kwa mkono wa kushoto, inatetemeka kama ya mzee. Hata polisi wangeapa ni watu kumi na mmoja.

Leo ugali nimemaliza.

Jumatano, 13 Machi
Aibu.

Sikunawa. Kila siku nanawa, jana haraka. Kila eksi ina gumba langu pembeni, jeusi la grisi ya cheni. Kumi na moja. Watu wamepanga foleni kuangalia. Muuza viazi ananiinulia gumba kila nikipita. Dada Mghoi akasema, "Angalau wewe umetia sahihi."

Jioni Crispus akaja mpaka kibandani kwangu. Nikashika spana, nikidhani ni ngumi. Akauliza jambo moja tu: "Lakini uliisoma?"

Nikamwambia atoke, ananizibia mwanga.

Sikuisoma. Hata mstari mmoja.

Ijumaa, 15 Machi
Nimeenda na raba. Penseli ikafutika, grisi ikakataa. Na ukisugua karatasi ya mtu robo saa, macho yataenda wapi? Nikasoma. Ni foleni ya maji kule Sagalla. Mama mmoja anampa mwenye mimba nafasi yake, halafu maji yanakatika yeye akifika. Anageuka, anabeba debe tupu kichwani vilevile, kama limejaa.

Nilitafuta kosa. Nilitafuta sana. Nilitaka iwe mbaya.

Nikaweka tiki. Ndogo. Wivu bado uko, huo hausikii raba.

Jumamosi, 30 Machi
Dada Mghoi ameondoka na basi la asubuhi. Ufunguo uko na Crispus. Nilijua. Nilienda tu kuona vile umemkaa shingoni. Umemkaa vizuri, shenzi.

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Herufi za kawaida. Juu ya yule mwalimu, na spoku zake ambazo zilikuwa nzima, na vile alinishukuru. Nilijua ataniweka kwa mbuzi. Ningekuwa yeye, ningeniweka kwa mbuzi.

Akaisoma yote kwanza, amesimama. Akaipa pini nne, katikati, imenyooka.

Kufika jioni, tiki tano, eksi tatu.

Tiki yangu mwenyewe sikuweka.