Kigoda cha Rispa

Champlin, Machi

Mjukuu wangu Neema,

Huku kaskazini tuko salama, ila barafu ya mtoni bado haijaamua kuondoka. Mama yako anaendesha gari kila asubuhi hadi mji wa Woodbury kuhudumia wazee. Kaka yako nikimwongelesha ananijibu Kizungu, nami najifanya sisikii. Wewe joto la Texas umelizoea?

Kwenye simu uliniuliza swali la darasani. Zamani, viwanda vya Amerika vilipowachosha watu, kwa nini wanawake wenye maisha mazuri, ambao hawakuwahi kushika mashine, waliwapigania wafanyakazi? Historia hiyo sijaisoma. Namkumbuka Rispa tu.

Tulikuwa wasichana kwenye kiwanda cha nguo, kule Kenya. Kazi ilikuwa ya kusimama kutwa. Mwenzetu mmoja alikuwa mjamzito, miguu imevimba. Rispa, aliyekuwa na nguvu kutushinda sote, akaja na kigoda chake cha jikoni akamwekea. Msimamizi akakitupa nje. Rispa akakiokota, na kesho yake wanawake wote tukaingia getini na vigoda kichwani. Msimamizi akatutazama, akatupisha. Tangu siku hiyo wajawazito walikaa.

Jioni sisi tulirudi nyumbani na vigoda vyetu, maana kulikuwa na chakula cha kupika. Cha Rispa kilibaki kiwandani kwa ajili ya wajawazito. Nyumbani kwake alipika amechuchumaa, na kule kazini sikumwona akikikalia hata siku moja.

Nyanya yako