Presha Kuka ya Dukani kwa Thongdam

Kijijini, 3 Juni

Lamduan mjukuu wangu,

Hujambo? Unakula, au ni kushona tu huko Bangkok mpaka mgongo upinde? Mimi mzima. Simu sitaki, sikio limekufa; anayeniandikia ni mtawa wa hekaluni, na nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Mama yako si mzima. Presha kuka mpya ya dukani kwa Thongdam imelipuka akichemsha mifupa. Imemuunguza mkono na jicho la kulia. Jicho limefungwa bandeji, daktari hasemi kitu. Majirani wanasema lidude lina mkosi, nikalitupe mtoni.

Bibi yako

Bangkok, 8 Juni

Shikamoo Bibi,

Nimelia mpaka msimamizi akanitoa mashineni. Usiitupe! Nimeuliza ofisi ya kutetea wanunuzi. Kiwanda kikiuza kitu kibovu kikaumiza mtu, sheria inakibana kilipe, hata kama hatujui kilikosea wapi. Tuonyeshe tu kwamba Mama aliitumia inavyotakiwa, ikamuumiza. Ila yenyewe lazima iwepo, ilivyo. Hata usiioshe.

Na Thongdam akija na maua na mishumaa kuomba radhi kimila, usipokee! Atasema yameisha.

Mjukuu wako

Bangkok, 19 Juni

Bibi, shikamoo. Mbona kimya? Nimekutana na mtu wa kwetu kituo cha basi, anasema Thongdam alionekana akipanda ngazi zako na maua. Ulipokea? Presha kuka iko wapi? Mama anaona?

Mjukuu wako

Kijijini, 23 Juni

Lamduan,

Hujambo, na usinifokee. Maua nimepokea. Mtu akikupigia magoti na mishumaa humfukuzi kama mbwa. Tumelia wote. Lakini aliponyoosha mkono, "Mama, nitakuletea mpya, hii niibebe," nikaikalia.

"Radhi nimekupa wewe," nikamwambia. "Kiwanda sijakiona kikipiga magoti. Na mkeo anapikia nini?"

Akatoka mbio, kandambili kaziacha.

Leo kaja na ya mkewe. Ukiifunga, kifuniko kinacheza. Anasema atatutolea ushahidi. Zilizobaki dukani kazifungia stoo, ila mbili alishawauzia watu wa ng'ambo ya mto, hata majina yao hajui. Anawatafuta kwa pikipiki tangu asubuhi.

Jicho la mama yako bado. Njoo, mwanangu. Jua linashuka, watu wanawasha majiko, na pikipiki sijaiona ikirudi.

Bibi yako