Kwako Kipanga, na Asikie Tajiri Asiyepanda Ndege Zake

Mwaka umetimia, Kipanga wetu, tangu uirushe ile ndege ya mizigo asubuhi yenye jua na usitue popote. Waliitafuta siku chache juu ya msitu na juu ya ziwa, wakarudi mikono mitupu. Hakuna bawa, hakuna tairi, hakuna hata kofia yako.

Ulikuwa mtu wa kukagua. Kabla ya kupanda teksi uliizunguka kwanza, ukagonga matairi kwa kiatu, hadi dereva mmoja akakuambia, "Kaka, hii hairuki." Tulicheka siku nzima. Shati lako jeupe ulilipiga pasi mwenyewe, ukidai mkeo anakuachia mikunjo. Mpaka leo mkeo hajakubali kosa hilo.

Tunakumbuka pia simu zako. Kila ulipotua, hata kwenye uwanja wa vumbi usio na kibanda, ulimpigia mama: "Mama, nimekanyaga ardhi." Kisha ukakata haraka, kabla hajaanza kukuuliza umekula nini.

Ndiyo maana tajiri wako aliposema redioni kwamba umetoroka na ndege, umeiuza na unakula raha nchi za watu, mama hakulia. Alisema tu, "Angekuwa hai popote, ningeambiwa amekanyaga ardhi." Hapo ndipo sote tulipokubali kwamba umekufa. Lakini shuleni wanao wanaitwa watoto wa mwizi, na hilo hatulikubali.

Sisi tunajua. Wiki ile ulimwambia tajiri, mbele ya mafundi, kwamba injini ya kulia inakohoa na huiamini. Akakujibu, "Asiyetaka kazi aache kofia mezani. Nje wamejaa." Ulirudi ukatusimulia bila kugusa chakula. Kesho yake ukaenda, maana ulikuwa na watoto wa kulea.

Yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege zake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Safari zake zote ni kwa gari, hata zile za kulala njiani, na wewe ulimcheka chinichini kwamba anaogopa hata ngazi.

Watu wema wanatuambia tusamehe. Tumsamehe nani, na hajaomba? Hatujasamehe, na hatuoni haya kulisema.

Basi sikiliza tulichokuandalia, naye asikie. Ndege iliyo pacha wa yako bado iko kazini, na tajiri anaapa kila mahali kwamba ni nzima, kama anavyoapa kwamba yako ilikuwa nzima. Jumamosi hii asubuhi tunakwenda uwanjani kuipanda ndege hiyo, tukakumwagie maua juu ya ziwa. Kiti cha kwanza nyuma ya rubani ni chake. Marubani wenzako wamekula kiapo: ndege hiyo haiinuki, siku hiyo wala siku nyingine, mpaka yeye awe amekaa ndani na mkanda ameufunga. Mtangazaji wa redio tumemwalika. Mama atakaa kando ya tajiri.

"Mimi nimeshaishi," anasema. "Akiogopa, nitamshika mkono."

Akipanda, tutamwomba radhi mbele ya wote na kusema labda tulimsingizia. Asipopanda, hatutakuwa na haja ya kusema neno. Ngazi itakuwa imeteremshwa, mlango uko wazi, na kila mtu atamwona aliposimama.

Tunaokukumbuka ni mama yako, ambaye bado analala na simu chini ya mto. Mkeo, anayelipiga pasi shati lako kila Jumapili na bado analiachia mikunjo yake. Wanao wawili, ambao si watoto wa mwizi. Shemeji zako na wajomba zako. Na mimi dada yako, niliyeandika haya kwa niaba ya wote.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, Kipanga. Na yeye hatatoka pia.