Vitundu Vitano vya Utoh Banta

Banda Aceh, 2 Februari 1986

Baba mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na Mama, na kwamba kile kikohozi cha masizi kimekuachia. Mimi sijambo, ila nimenenepa. Mwambie Mama asilaumu kazi ya kukaa kitini. Wa kulaumiwa ni yule mama anayeuza timphan, vile vikeki vya ndizi, mlangoni pa makumbusho.

Baba, nimepata jambo. Unajua kazi yangu hapa ni kusoma maandishi ya majambia ya zamani na kusema ni ya nani na ya lini. Mwezi huu nimeweka mezani rencong tatu, majambia ya kwetu Aceh. Moja ilitoka Meulaboh, moja Lhokseumawe, moja kwa mjane wa hapa mjini. Zote zimechorwa ubapani maneno yale yale: nusura itokayo kwa Mwenyezi Mungu na ushindi ulio karibu. Hayo ni ya kawaida. Lakini katikati ya herufi kuna vitundu vitano vidogo, vya mviringo, ambavyo si nukta za herufi yoyote. Na katika majambia yote matatu vimekaa mahali pale pale.

Ninaamini ni alama ya siri ya wapiganaji wa vita vya Mholanzi. Huenda walikuwa kundi la watu waliokula kiapo. Mkubwa wangu Teuku Meurah alipoona aliacha kahawa yake ikapoa, na yeye si mtu wa kuacha kahawa. Ananitengenezea kijitabu chenye jina langu. Kitakwenda kupigwa chapa tarehe 20 Aprili, na maonyesho yatafunguliwa baada ya Idi.

Nimepaka penseli juu ya karatasi nikakutolea sura ya ubapa mmoja. Niambie, wewe uliye mhunzi, chuma hicho unakionaje, na kama umewahi kuona vitundu hivyo.

Mwanao,
Keumala


Lampoh Jok, 16 Februari 1986

Keumala mwanangu,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Kikohozi kimehamia kwa Mama yako, nami nimepumzika, maana sasa anayelaumiwa kwa kelele za usiku ni yeye. Kuku wake wanne wamechukuliwa na kicheche, na anayeshukiwa zaidi ni mimi niliyesahau mlango.

Nimeitazama karatasi yako. Chuma kimefuliwa vizuri, mgongo umenyooka, ncha imepinda kidogo tu inavyotakiwa. Si ya zamani sana. Mpini ukiwa wa pembe ya nyati mweusi, basi ni kazi ya upande huu wetu wa Pidie. Usiisafishe kwa ndimu kali. Tumia maji ya tunda la belimbi, uchachu wake ni mpole, ufute upesi kwa kitambaa kikavu, kisha mafuta ya nazi.

Mvua imezidi na mpunga wa ami yako Apa Lah umelala. Mama yako anakutumia keumamah, samaki wake mkavu, ya kutosha mwezi. Usigawe ofisini yote.

Babako


Banda Aceh, 9 Machi 1986

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa Mama. Keumamah imefika, nami sikugawa hata kipande.

Baba, umenieleza chuma, mpini, belimbi na kuku. Kuhusu vitundu hukunijibu hata neno.

Nakujua. Ukiulizwa jambo usilolijua unasema "sijui" bila haya. Ukinyamaza ndipo unapojua.


Banda Aceh, 2 Aprili 1986

Baba,

Wiki tatu zimepita. Apa Lah alikuja mjini akaniambia wewe mzima, unakwenda kiwandani kwako kufua chuma kila siku. Kwa hiyo si ugonjwa.

Kama hupendi kazi yangu, niambie. Uliponikataza mivukuto nikiwa msichana, ukasema nikasome, nilikwenda nikasoma. Sasa nimesoma nikarudi kwenye vyuma vile vile, na nahitaji jicho lako. Zimebaki siku kumi na nane. Nikiandika uongo, utabaki na jina langu juu yake, na nitakuwa nimeuandika mbele ya baba anayejua.

Mwanao,
Keumala


Lampoh Jok, 8 Aprili 1986

Keumala mwanangu,

Waalaykum salaam warahmatullah. Nisamehe. Barua hii nimeianza mara nne, na tatu zimewashia moto wa kiwanda.

Hakukuwa na kundi la kiapo. Majambia hayo matatu alichora babu yako, Utoh Banta, katika kiwanda hiki ninachokitumia. Naujua mkono wake nijuavyo mwendo wa Mama yako jikoni.

Sikiliza alivyofanya kazi. Alikuwa na karatasi moja ya maneno hayo, aliyoandikiwa na mwalimu wa dini. Herufi zimetobolewa kwa sindano, tundu baada ya tundu. Aliupaka ubapa nta, akaiweka karatasi juu, akapitisha kitambaa chenye masizi. Masizi yalipenya kwenye matundu yakaacha maneno juu ya nta, naye akafuata kwa tindo. Karatasi ilikaa miaka mingi ndani ya mwanzi darini. Wadudu wakaila. Walitoboa matundu matano, na masizi hayajui tundu la sindano na tundu la mdudu.

Utauliza kwa nini hakuyaacha. Ndiyo hayo yaliyonifunga mdomo. Babu yako hakujua kusoma.

Unamkumbuka na msahafu wake mapajani. Alikulia msituni wakati wa vita, akibeba makaa ya wahunzi waliokuwa wakikimbia, na aliporudi kijijini alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Aliona haya kukaa chuoni na watoto. Akahifadhi sura kwa masikio, akafungua msahafu, akasoma kwa moyo. Mimi nilikaa ubavuni nikimgeuzia kurasa mahali panapofaa, watu wasijue. Nadhani alijua kwamba ninajua. Hatukusemezana juu ya hilo hata siku moja.

Siku moja nikiwa na miaka kumi na miwili nilimwuliza kuhusu nukta zile. Akaniambia hivi: "Haya ni maneno ya Mungu, mwanangu. Nikiacha nukta ambayo ni yake, nitamjibu nini? Bora nizidishe." Akaendelea kugonga. Mimi nilikuwa nimeshajua kusoma, nikaona wazi kuwa ni matundu ya wadudu. Nikanyamaza. Nami nilipopewa tindo, nilichora matundu yale mpaka alipokufa.

Karatasi yenyewe ninakutumia ndani ya mwanzi wake. Usiikunje. Sasa unajua, na siri ya baba yangu nimeitoa mimi. Fanya unavyoona, lakini nakuomba umfikirie.

Babako


Banda Aceh, 13 Aprili 1986

Baba yangu,

Assalaam alaykum, na Mungu akuzidishie afya.

Mwanzi umefika salama. Nilingoja ofisi itulie, nikafunga mlango, nikaiweka karatasi juu ya jambia la Meulaboh. Vitundu vitano vilikaa juu ya vitundu vitano. Nikalia, Baba. Kijitabu changu kilikuwa kimekufa, nami nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Miezi miwili nilikuwa nikishika mkono wa babu yangu bila kujua.

Teuku Meurah nimemwambia tu kwamba nilikosea, hakuna kiapo. Akasema heri aibu ya sasa kuliko ya baada ya chapa. Siri sikumwambia.

Nimefikiria hivi. Nitaandika kwamba vitundu ni alama ya kiwanda cha Utoh Banta wa Lampoh Jok. Si uongo, maana ndivyo nilivyomtambua. Wala hakuna atakayeuliza zaidi. Kurasa zinaondoka Jumapili asubuhi. Apa Lah anakuja mjini Jumamosi, mpe jibu.

Mwanao,
Keumala


Lampoh Jok, 18 Aprili 1986

Keumala,

Waalaykum salaam. Hatujambo.

Nilimsomea Mama yako barua yako. Akasema: "Huyo mtoto anamgeuzia babu yake kurasa, kama wewe." Sikulala vizuri.

Leo nimekwenda kaburini, nikang'oa majani, nikakaa. Mwanangu, mimi nimeificha aibu hiyo miaka hamsini nikidhani ninamheshimu. Kumbe niliyekuwa nikiona haya ni mimi. Yeye aliogopa kitu kimoja tu, kumpunguzia Mungu nukta.

Andika yote. Andika kwamba hakujua kusoma, na kwamba hakuacha hata herufi moja. Weka na karatasi yake kwenye kabati la kioo, watu waione. Ya kiwanda andika pia, ni kweli.

Na meugang, siku ya nyama kabla ya Ramadhani, uje. Nitanunua nyama ya nyati mapema kabla wenye tamaa hawajaamka, na Mama yako ameshaanza kukausha belimbi za kuiungia.

Babako


Lampoh Jok, 29 Juni 1986

Keumala mwanangu,

Assalaam alaykum. Tumerudi salama kutoka kwenye maonyesho yako, ila Mama yako amevimba miguu na anasema ni viatu ulivyomnunulia. Hataki kuvivua.

Sikukuambia pale, watu walikuwa wengi. Niliposimama mbele ya kioo, mzee mmoja kutoka Meulaboh alikuwa akimsomea mkewe maneno yako kwa sauti. Alipofika kwenye "hakujua kusoma" aliisogelea ile karatasi mpaka kioo kikapata ukungu. Kisha akasema, "Na sisi tulidhani jambia la babu lina nguvu kwa sababu ya siri." Mkewe akamjibu kwamba lina nguvu zaidi sasa. Nikaondoka nikaenda kutazama mizinga ya vita, maana macho yalikuwa yananisumbua.

Kwa kuwa karatasi imebaki kwenu, Ijumaa nimetengeneza nyingine. Nimeandika mwenyewe, nikatoboa kwa sindano, safi, herufi na nukta zake tu. Nikaipaka masizi juu ya ubapa mpya. Nikaitazama. Ilikuwa sahihi kabisa, na haikuwa ya kwetu.

Basi nikachukua sindano nene nikatoboa vitano, mahali pale pale. Mama yako alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. Akaniambia kwamba miaka yote hii hakujua ameolewa na mdudu.

Babako